Kocha Asiyetaka Kurusha Mbele

Nimeendesha basi la chuo hapa Jeddah muda wa kutosha kuona wajinga wa kila rangi, lakini aliyenikera kuliko wote ni mtu wa kwetu, Evans, kocha. Alinikera kwa sababu hakuwa mjinga wa kuzaliwa. Mjinga wa kuzaliwa unamhurumia tu na kumpa maji ya kunywa. Evans alikuwa na akili, alikuwa na mke, alikuwa na ahadi ya bosi, na vyote hivyo akavikalia kama kuku anayeatamia mawe.

Alikuja mwaka ule mawakala wa Nairobi waliporuhusiwa tena kuleta wasichana wa kazi, na kila chumba cha River Road kikageuka ofisi ya Saudia. Mkewe, Serah, ndiye aliyetangulia. Mtoto wao, Yvonne, walimwacha kwa nyanya yake huko Webuye. Wakala aliwaambia, "Mtakuwa mji mmoja, mtaonana." Na hakudanganya, mbwa yule. Serah aliwekwa kwa madam mmoja mtaa wa Al-Hamra, Evans akaajiriwa mwalimu wa mazoezi katika chuo cha binafsi mji huohuo, na kweli wakawa wanaonana. Kila Ijumaa asubuhi, Serah akitoka kutupa taka.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao ya ndoa. Mume amesimama kando ya kontena la taka, mke ana mfuko mweusi mkononi, wanaambiana ya mtoto na ya nyumbani harakaharaka, halafu lango linafungwa. Mimi ndiye nilikuwa nampeleka. Nilikuwa naegesha basi ng'ambo ya barabara, najifanya nakagua tairi, maana huku mwanamume na mwanamke kusimama barabarani wakiongea si jambo la mchezo. Evans alikuwa anatembea na cheti cha ndoa mfukoni, cha kanisa la kwao, ati polisi wakimuuliza awaonyeshe. Nani huku atasoma cheti cha kanisa la Webuye? Nilimwambia akiache nyumbani kabla jasho halijakila, akanijibu kwamba mimi sijaoa, sielewi.

Tena alikuwa ameshaona chumba cha kupanga kule Karantina, jirani na kwangu, na kabla hata hajalipa chochote akanunua pazia la maua na sufuria mbili, akavisukuma chini ya kitanda changu. Chumba hana, mke hana, pazia analo. Usiku nikigeuka, mguu unagonga sufuria za mtu.

Sasa huo mchezo wenyewe. Bosi wetu, mwenye chuo, ana mtoto wa kiume anaitwa Faris. Faris alipelekwa Marekani kusoma, akarudi bila cheti ila na mpira wenye umbo la yai na hamu ya kuonekana. Baba yake akamwandikisha chuoni kwake mwenyewe, akamnunulia helmeti za timu nzima na yale makinga ya mabega yanayomfanya kijana mwembamba aonekane kama kabati. Futiboli ya Kimarekani, jamani, kwenye jua la Jeddah! Wakimaliza mazoezi, harufu ya basi langu hata mbuzi angeshuka.

Timu ikahitaji kocha. Bosi akauliza nani kati ya wafanyakazi anajua mpira wa mikono, na Evans akanyoosha mkono, kwa kuwa alicheza raga chuo cha ualimu. Kwa bosi, yai ni yai. Evans alijua vizuri sana kwamba raga ni raga na ule ni mwingine kabisa, lakini alisema "Yes, bosi," akapewa filimbi.

Wasiojua nitawaeleza, na si kwa kuupenda. Timu yenye mpira ina nafasi nne za kusogea mbele yadi kumi. Ikisogea, inapewa nne nyingine, hivyo hivyo mpaka ivuke mstari wa mwisho na kupata alama. Kusogea kuko kwa namna mbili. Mrushaji, yule anayeanza na mpira, anaweza kumkabidhi mwenzake akimbie nao apasue katikati ya watu, au anaweza kuurusha mbele mbali, mwenzake audake. Ukikimbia tu, wapinzani wote wanakuja kujazana mbele yako kama foleni ya ofisi ya ikama, vile vibali vya kuishi huku. Ukirusha tu, wanarudi nyuma wanakungoja. Kwa hiyo unachanganya. Ugali mtupu unakwama kooni, mchuzi mtupu unakulaza njaa. Hata mimi dereva, niliyekuwa naangalia huku nimekalia kreti la maji, nililielewa siku ya kwanza.

Lakini Evans ni mtu wa raga, na kwenye raga kurusha mpira mbele ni kosa. Unarusha nyuma au ubavuni, mbele ng'o. Mtu aliyelelewa hivyo, mwambie arushe mbele, ni kama umemwambia ale kwa mkono wa kushoto mbele ya wakwe zake. Mechi za kwanza alikuwa anakimbiza tu. Alikuwa na kijana mmoja wa Kisudani, Hatim, mtoto wa daktari, ana mapaja ya fahali, na kila mara ilikuwa Hatim, Hatim, Hatim. Wapinzani wakishajua, wanamrundikia watu wanane. Tukapigwa mechi tatu mfululizo. Faris akinung'unika, Evans anamwambia, "Mpira wa kurusha ni wa watu wavivu." Mtoto wa bosi huyo anayeambiwa! Nikawa nasikia na kutikisa kichwa.

Baadaye alikubali, kwa shingo upande. Alikaa akaangalia video mpaka macho yakawa mekundu, akaja na mpango: Hatim akimbie mara mbili, Faris arushe mara moja, tena asirushe palepale wanapomtegemea. Na ilikubali! Wakimkimbilia Hatim, mpira unapita juu ya vichwa vyao unamfikia kijana mmoja mrefu wa Kimisri kule pembeni. Wakimfuata Mmisri, Hatim anapita katikati kama yuko kwao. Tulianza kushinda, na Evans akaanza kutembea kifua mbele utadhani amevumbua maji. Kila tukishinda alinieleza upya kwa nini, nami nilikuwa namsikiliza kwa kuwa ndani ya basi huna pa kukimbilia.

Ndipo bosi alipompa ile ahadi. Nilikuwepo, nasafisha vioo. Ilikuwa imebaki mechi ya Riyadh, na chuo cha Riyadh ni cha shemeji yake bosi, kaka wa mkewe, mtu wa kucheka kwa sauti. Bosi akamwambia Evans kwa ule mchanganyiko wake wa Kiarabu na Kiingereza, "Kila sikukuu ananicheka mbele ya watu. Safari hii nataka amwone Faris. Ushinde Riyadh, nami nitaongea na kafili wa mkeo, yule anayeshika karatasi zake, ni rafiki yangu. Karatasi zake zitahamia kwangu na wewe utakaa naye. Halas, imekwisha."

Evans alisikia "ushinde." Mimi nilisikia "amwone Faris." Tulikuwa tumesimama mahali pamoja, mbele ya bosi mmoja.

Ijumaa iliyofuata, pale kwenye taka, alimwambia mkewe. Niliona Serah ameshika mfuko kwa mikono miwili hautupi. Dirisha la basi lilikuwa wazi, nikasikia. Akauliza, "Baba Yvonne, hiyo ni ahadi ama ni maneno?"

"Ni ahadi. Josphat huyu wa basi alikuwepo. Nikishinda unatoka."

"Basi shinda," akasema. "Mimi hapa nimechoka. Nalala kwenye chumba cha kupigia pasi, mlango hauna kitasa. Shinda uje unitoe."

Akaingia. Evans alirudi garini akifuta macho kwa mfuko wa plastiki ambao sasa alikuwa anautilia kile cheti. Hapo hata mimi nilimwonea huruma kidogo, na ikaisha baada ya siku chache, kwa sababu njia nzima ya kwenda Riyadh alikuwa anawafundisha watoto wa watu wenye fedha jinsi ya kuwa na moyo. Jangwa lote lile, mtu anahubiri moyo.

Mechi ilichezwa baada ya alasiri. Upande wa kivuli waliwekewa viti vya velvet na meza ndogo za tende na kahawa, na bosi akaketi na shemeji yake, kila mmoja ameshika simu tayari kupiga video. Mimi nilikuwa upande wa jua na kreti zangu za maji, karibu na Evans.

Mwanzo ulikuwa mzuri, siwezi kukana. Hatim akakimbia, akakimbia tena, watu wa Riyadh wakaanza kusogea katikati, na Faris akaachia mpira mmoja safi hewani, Mmisri akaudaka bila kuvunja mwendo, akavuka mstari. Bosi alisimama akapiga makofi. Shemeji hakucheka. Laiti mechi ingeisha hapo, ningekuwa nimepata nafasi chini ya kitanda changu.

Lakini Faris, baada ya makofi yale, hakuangalia tena uwanja. Aliangalia viti. Akachukua mpira, akamtafuta baba yake kwa macho, akaurusha kifuani mwa mtu wa Riyadh, na yule akaondoka nao mpaka kwetu. Mara ya pili tena hivyohivyo. Kijana wa watu alikuwa anarushia jukwaa. Evans akabwaga filimbi yake chini, akasema, "Halas. Hakuna kurusha tena."

Mpango wote ule wa kuchanganya, zile video zote, ukamtoka kama ndoto ya alfajiri. Akarudi kwenye raga yake. Kuanzia hapo Faris anapokea mpira, anamkabidhi Hatim. Anapokea, anamkabidhi Hatim. Hatim anagongwa na watu wanane, anavuta yadi mbili, tatu, anaamka, anaomba tena. Tulikuwa tunasogea kwa kulazimisha, na kwa kweli watu wa Riyadh walianza kuchoka kumwangusha. Alama zikawa zinakaribiana. Lakini mimi nilikuwa naangalia viti. Shemeji alikuwa amemwinamia bosi, anamwambia kitu, anacheka ile sauti yake, na bosi hacheki.

Nikamfuata Evans na chupa ya maji. "Kocha, mpe kijana arushe. Hata moja."

"Ameshatoa mbili kwa adui. Unataka nishinde ama nishindwe?"

"Mimi nataka mkeo atoke."

"Ni kitu kimoja!"

"Si kitu kimoja, bwana. Angalia pale kwenye viti. Yule mzee hakuja kuangalia Msudani. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

Akaninyang'anya chupa, akanywa, akanirudishia. "Josphat," akasema, "wewe endesha gari."

Sawa. Niliendesha gari. Nikarudi kwenye kreti langu nikakaa, na nasema bila aibu kwamba nilimdharau hapohapo, kutoka kofia mpaka viatu. Mtu anacheza maisha ya mke wake na bado anabeba kiburi cha chuo cha ualimu!

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa alama chache, tumefika karibu kabisa na mstari wao, na tumebakiza nafasi moja tu. Riyadh nzima imejazana katikati kumngoja Hatim. Hata mtoto angejua la kufanya. Yule Mmisri alikuwa pembeni, peke yake, hana mtu wa kumlinda, amenyoosha mkono kama anayeita teksi. Kumtupia pale kulikuwa rahisi kuliko kumtupia mtu funguo. Na kule kwenye viti bosi alikuwa amesimama, simu juu, anapiga video.

Evans akaomba mapumziko mafupi. Vijana wakamzunguka. Faris alivua helmeti, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana maringo. Akasema, "Kocha, tafadhali. Niache nirushe hii. Baba anapiga video."

Evans alimtazama. Nilidhani amekubali, kwa sababu aligeuka kumtazama yule Mmisri. Kisha akasema, "Mpe Hatim."

Basi Faris akampa Hatim. Hatim akainama, akaingia kwenye ule ukuta wa watu, wakamrukia, wakalaliana, vumbi juu, na refa alipowaondoa mmoja mmoja, Hatim alikuwa chini kabisa ameukumbatia mpira, na mpira ulikuwa ng'ambo ya mstari. Tulishinda. Vijana wakambeba Hatim mabegani, na Evans alipiga magoti kwenye nyasi zile za plastiki akalia kama mtu aliyeokoka.

Faris alipita katikati yao, helmeti mkononi, akaenda kukaa ndani ya basi.

Shemeji mtu alikuja kutoa pongezi, na sauti yake ilisikika uwanja mzima. "Mabruk! Una Msudani mzuri sana. Na mwanao kazi yake ni nini, kugawa tu?" Wote waliokuwa kwenye viti wakacheka. Bosi alikuwa bado ameshika simu, anaiangalia kama imemwibia.

Na Evans, badala ya kungoja jua lizame, mtu apoe, mtu ale, alimkimbilia palepale na magoti yake ya vumbi. "Bosi! Tumeshinda!"

"Nimeona," bosi akasema. "Hatim ameshinda."

"Na ile habari ya mke wangu, bosi."

Bosi akaweka simu mfukoni taratibu. "Nimewaita watu waje wamwone mwanangu. Umewaonyesha mtu wa kugawa kahawa. Mke wako ana kafili wake. Mimi siingilii nyumba za watu."

"Lakini uliniahidi, bosi. Ulisema nikishinda..."

"Mafi, hakuna. Yalla, vijana wamechoka, warudisheni."

Akaingia kwenye gari lake. Huyo naye simwachi. Mzee mzima, ana chuo, ana magari, ana ndevu, na moyo wake wote unaingia ndani ya kokwa la tende na nafasi inabaki. Ahadi kwa mtu mnyonge kwake ni kama mate, akishatema hayamhusu. Lakini yeye nilimjua tangu mwanzo. Kila mfanyakazi wa chuo kile alimjua. Unafanya kazi kwa mtu, unakula kwa mtu, unalala kwa mtu, halafu hujui anachokitaka? Evans alikuwa na mpango uliomfaa bosi, uliomfaa mtoto, uliomfaa hata huo mpira wenyewe, ameujaribu, ameuona unafanya kazi, na siku ya siku akautupa kwa sababu mikono yake ya raga iliogopa.

Kurudi Jeddah alikaa kiti cha nyuma yangu. Vijana wamelala, yeye anaongea. "Lakini nilishinda. Josphat, si nilishinda? Hakuna anayeweza kusema sikushinda." Nikaongeza redio.

Ijumaa ikafika. Nilidhani atakuwa na haya, kumbe alinyoa ndevu, akavaa shati la kola. Tulipofika Al-Hamra, Serah alikuwa ameshatoka, yuko kwenye kontena tayari, na safari hii alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani. Hakungoja hata salamu.

"Mlishinda?"

"Tulishinda, Mama Yvonne."

Alicheka. Muda wote niliompeleka Evans pale sikuwahi kumsikia mwanamke yule akicheka. Aliweka mfuko chini, akajishika kiuno, akasema, "Asante Yesu. Basi natoka lini?"

Evans akaanza kumweleza. Akamweleza nafasi nne na yadi kumi. Akamweleza Hatim, akamweleza wale watu wanane, akamweleza mipira miwili aliyoipoteza Faris, na jinsi bosi alivyogeuka. Alikuwa anamchorea kwa kidole ubavuni mwa kontena la taka, huku amesimama mmoja, huku mwingine. Serah alimsikiliza mpaka mwisho. Kicheko kilikuwa kimeisha kitambo.

"Huyo kijana," akasema, "alikuomba arushe?"

"Aliniomba."

"Na baba yake anaangalia."

"Anaangalia, ndiyo, lakini Serah, angepoteza! Ningeshindwa!"

"Ukamnyima."

Kule ndani madam aliita, na Serah akaitika, "Naam, madam," kwa sauti nyororo ambayo sikuijua. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Yvonne, mtoto wa madam ana miaka saba. Kila jioni ananitaka tushindane mbio, kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele. Mimi, niliyekuwa nawakilisha wilaya kwa mbio, nikirudi na vikombe mpaka mama akakosa pa kuviweka. Sijamshinda huyo mtoto hata siku moja. Wewe unadhani mbio zimeniisha?"

Akauinua mfuko, akautupa ndani, akapangusa mikono kwenye aproni na kuingia. Lango likafungwa. Evans alibaki pale na shati lake la kola, kisha akavuka barabara akaja dirishani kwangu.

"Josphat, wewe ulikuwepo," akasema. "Ijumaa ijayo umwambie. Mwambie tulishinda kihalali."

Nilimwambia apande basi.